Kutoka Kapu la Misaada hadi Meza ya Mapatano: Kanisa na Wafanyakazi Walatino katika Mashamba ya Marekani

Utangulizi

Katika kufundisha Historia ya Kanisa tumezoea kueleza kwa kirefu jinsi Injili ilivyosafiri kutoka Ulaya na Amerika Kaskazini hadi kufika kwetu. Ni mara chache tunageuka kuyatazama makanisa yaliyowatuma wamisionari hao na kuuliza yalienendaje na maskini waliokuwa mlangoni pao wenyewe. Kwa sababu hiyo wako wanafunzi wanaodhani kwamba swali la diakonia na haki ni swali la nchi maskini tu, na kwamba wenzetu wa ng'ambo walikwisha kulijibu zamani. Dhana hiyo si sahihi. Wenzetu walilijibu kwa taabu, kwa kugawanyika, na kwa kukosea, na baadhi ya makosa yao yatatufaa kuliko ushindi wao.

Katika makala hii tunakusudia kufuatilia historia moja tu: jinsi Wakristo wa Marekani walivyohusiana na wafanyakazi wa mashambani wenye asili ya Meksiko na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini, ambao huko huitwa Walatino. Tutaanza mwaka 1920, wakati akina mama wa makanisa ya Kiprotestanti walipofungua vituo vya kulelea watoto wa vibarua, na tutaishia mwaka 2011 katika mashamba ya nyanya ya Florida. Swali letu ni hili: kanisa likishamlisha mhitaji na kumvika, je, limeumaliza wajibu wake kwake? Na kama halijaumaliza, linalofuata ni lipi?

1. Hali ya Wafanyakazi

Ili kuielewa huduma hatuna budi kwanza kuielewa hali iliyoizaa. Mwaka 1935 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowapa wafanyakazi haki ya kuunda vyama na kujadiliana na waajiri wao. Mwaka 1938 ikafuata sheria ya kima cha chini cha mshahara. Sheria zote mbili ziliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani. Wenye mashamba walikuwa na nguvu kubwa kisiasa, na wabunge wa majimbo ya kusini hawakutaka vibarua weusi wapate haki hizo. Hivyo aliyefanya kazi kiwandani alilindwa, na aliyechuma zabibu kwenye jua kali hakulindwa.

Vita Kuu ya Pili ilipowachukua vijana wengi, serikali za Marekani na Meksiko zilifanya mapatano mwezi Agosti 1942 ya kuleta wafanyakazi wa mkataba. Wafanyakazi hao waliitwa braceros, yaani watu wanaofanya kazi kwa mikono yao. Mpango uliokusudiwa kwa wakati wa vita uliendelea kwa miaka 22, hadi mwisho wa 1964, na katika muda huo ilitolewa mikataba ipatayo milioni nne na nusu. Msomaji wa Tanzania aliyesikia habari za manamba wa mashamba ya mkonge hatakuwa na shida kuwaelewa. Ni mtu anayechukuliwa mbali na kwao kwa mkataba, anakaa kambini, anamtegemea mwajiri kwa chakula na malazi, na muda wake ukiisha anarudishwa.

Mpakani wanaume hao walivuliwa nguo na kunyunyiziwa dawa ya wadudu. Katika miaka ya kwanza ya mpango sehemu moja ya kumi ya ujira wao ilikatwa ili iwe akiba, na wengi hawakuiona tena fedha hiyo. Tarehe 17 Septemba 1963, karibu na kijiji cha Chualar katika bonde la Salinas, treni iligonga lori lililogeuzwa kuwa basi la kubebea vibarua. Watu 32 walikufa.

Mpango huo uliwaumiza pia Walatino waliokuwa wakiishi Marekani siku zote, kwa kuwa mwenye shamba alipoombwa nyongeza ya ujira aliweza kuagiza braceros wengine. Familia hizo zilisafiri kufuata mavuno, kutoka pamba kwenda zabibu, kutoka zabibu kwenda saladi, na watoto wao walibadili shule kila msimu au hawakusoma kabisa. Katika mashamba ya mboga walilazimishwa kutumia jembe la mpini mfupi, ambalo humfanya mtu ainame tangu asubuhi hadi jioni. Msimamizi alipenda jembe hilo kwa sababu akitazama kwa mbali aliweza kumtambua mara moja aliyesimama kupumzika. Jembe hilo lilipigwa marufuku katika California mwaka 1975 tu, baada ya kuharibu migongo ya watu wengi.

2. Kapu la Misaada, 1920 hadi 1960

Huduma ya makanisa ya Kiprotestanti kwa watu hao ilianza mwaka 1920 katika majimbo ya pwani ya mashariki, chini ya baraza la wanawake lililoshughulikia misheni ya ndani ya nchi. Akina mama hao waliona watoto wakiachwa peke yao kando ya mashamba na viwanda vya kusindika matunda. Wakafungua vituo vya kuwalelea. Baadaye huduma ilienea hadi California na majimbo mengine, na Baraza la Taifa la Makanisa lilipoundwa mwaka 1950 ikawa sehemu ya kazi yake.

Tusiidharau kazi hiyo. Mtoto aliyepata maziwa na kuoshwa alikuwa amepata maziwa na kuoshwa kweli. Wahudumu waligawa nguo, walifundisha Biblia na usafi, waliwapeleka wagonjwa kwa daktari. Wengi wao waliishi karibu na kambi na kujifunza Kihispania, jambo ambalo wachungaji wengi wa mijini hawakulifanya.

Hata hivyo baada ya miaka 30 ya bidii hiyo, hali katika kambi ilikuwa karibu ile ile. Watoto waliolelewa katika vituo vya kwanza walikuwa sasa watu wazima walioinama katika mashamba yale yale, na watoto wao wenyewe wakapokewa vituoni. Tena huduma ilitegemea sadaka za sharika za miji ya kilimo, na katika sharika hizo wenye mashamba ndio waliokaa viti vya mbele. Kapu lililopelekwa kambini lilijazwa kwa fedha iliyotokana na jasho la kambi hiyo hiyo, na aliyelijaza hakuulizwa anawalipa watu wake kiasi gani. Ndipo baadhi ya wahudumu walipoanza kusumbuka mioyoni.

3. Mkutano wa Nyumbani

Jibu halikutoka chuo cha theolojia. Lilitoka katika vitongoji vya Walatino wa mijini. Mwaka 1947 ilianzishwa katika upande wa mashariki wa Los Angeles jumuiya iliyojulikana kwa herufi CSO. Mwandaaji wake alikuwa Fred Ross, aliyetumwa na taasisi ya Saul Alinsky ya Chicago. Ross hakuanza kwa mkutano wa hadhara wala kwa hotuba. Alimwomba mtu mmoja awaalike majirani wachache nyumbani kwake jioni. Walipokwisha kuketi aliwauliza ni jambo gani linalowasumbua mtaani: barabara isiyo na taa, mtaro wa maji machafu, askari wanaowapiga vijana. Halafu aliuliza ni nani kati yao yuko tayari kuwaalika majirani zake juma lijalo. Kutoka nyumba hadi nyumba watu walijikuta kuwa wengi. Walijiandikisha kupiga kura, walisoma masomo ya uraia, na mwaka 1949 walisaidia kumchagua Edward Roybal kuwa diwani wa jiji la Los Angeles.

Mwaka 1952 Ross alifika San Jose, katika kitongoji ambacho wenyeji walikiita Sal Si Puedes, maana yake, toka ukiweza. Huko Kasisi Donald McDonnell wa Kanisa Katoliki alikuwa akiwahudumia vibarua na kuwafundisha mafundisho ya kijamii ya kanisa lake. Alikuwa amekwisha kuanza kufanya hivyo na kijana mmoja mfanyakazi, Cesar Chavez. Ross akamchukua kijana huyo akamfundisha kazi ya kuandaa watu. Dolores Huerta na Gilbert Padilla nao walipita katika shule hiyo ya CSO.

Kwa mwanafunzi wa theolojia mkutano huo wa nyumbani si jambo geni. Kitabu cha Matendo ya Mitume na salamu za Paulo katika Warumi 16 zinatuonyesha kanisa lililokutana katika nyumba za watu, ambako mtumwa na mwenye nyumba walisikilizana. Tofauti ni kwamba Wakristo wengi wa Marekani walikuwa wameisahau njia hiyo, wakaja kukumbushwa na mtu ambaye hakuwa mchungaji.

4. Chama cha Kufa na Kuzikana

Mwaka 1961 Mchungaji Chris Hartmire, Mpresibiteri, aliteuliwa kuongoza huduma ya makanisa kwa wafanyakazi wahamaji katika California. Alipelekwa kwanza kujifunza kazi ya CSO, na huko akakutana na Chavez. Mwaka uliofuata CSO ilikataa pendekezo la kuwaandaa wafanyakazi wa mashambani, na Chavez akajiuzulu. Akahamia mji mdogo wa Delano pamoja na mkewe Helen na watoto wao wanane. Tarehe 30 Septemba 1962, katika mji wa Fresno, kilizaliwa chama cha wafanyakazi wa mashambani. Ada ilikuwa dola 3.50 kwa mwezi, kiasi kikubwa kwa kibarua.

Hapa ndipo tunapoomba msomaji asimame kidogo. Chama hicho hakikuanza na mgomo. Kilianza na bima ya maziko. Mfanyakazi alipofiwa, jamaa zake walilazimika kuombaomba kambini ili wapate jeneza, na aibu hiyo iliwauma kuliko njaa. Baadaye ikaongezwa akiba na mikopo, ambayo hesabu zake zilitunzwa na Helen Chavez, na ofisi ya kuwasaidia watu kujaza fomu na kudai ujira uliocheleweshwa. Sisi tuliokulia katika vyama vya kufa na kuzikana tunaijua nguvu ya jambo hilo. Watu waliokwisha kuzikana wanaaminiana, na watu wanaoaminiana wanaweza kusimama pamoja mbele ya mwenye nguvu.

Tofauti na kapu la misaada ilikuwa wapi, maana vyote viwili vilikuwa msaada? Tofauti ilikuwa katika mwenyewe. Kapu lilikuwa la mtoaji, na mpokeaji alibaki mpokeaji. Bima ya maziko ilikuwa mali ya wanachama, waliilipia kwa shida, na kwa hiyo walikuwa na sauti juu yake. Hartmire aliona tofauti hiyo, akaanza kuwaweka wahudumu wake chini ya uongozi wa wafanyakazi. Mchungaji kijana Jim Drake alipelekwa kufanya kazi pamoja na Chavez. Katika kiangazi cha 1965 Drake na Padilla waliwasaidia wakazi wa kambi za Linnell na Woodville, wilayani Tulare, kugoma kulipa kodi iliyopandishwa kwa vibanda vya mabati vilivyojengwa kabla ya vita. Huduma iliyoanza kwa kuosha watoto ilikuwa imefika mahali pengine kabisa.

5. Delano na Mgawanyiko wa Kanisa

Tarehe 8 Septemba 1965 wafanyakazi wa Kifilipino, wakiongozwa na Larry Itliong, waligoma katika mashamba ya zabibu ya Delano. Walidai dola 1.40 kwa saa na senti 25 kwa kila sanduku. Kwa miaka mingi wenye mashamba walikuwa wamewatumia Wameksiko kuvunja migomo ya Wafilipino, na Wafilipino kuvunja migomo ya Wameksiko. Safari hii Itliong aliwaomba Wameksiko wajiunge. Tarehe 16 Septemba, sikukuu ya uhuru wa Meksiko, wanachama walikusanyika katika ukumbi wa kanisa la Mama Yetu wa Guadalupe mjini Delano, wakapiga kura ya kugoma.

Mwezi Oktoba mkuu wa polisi wa wilaya alikataza kupaza sauti ya neno huelga, yaani mgomo, kando ya mashamba. Tarehe 19 watu 44, wachungaji wakiwamo na Hartmire mmoja wao, walikwenda wakalitamka neno hilo kwa sauti kuu na kukamatwa.

Kanisa likagawanyika. Wachungaji wa mji wa Delano, kwa sehemu kubwa, walipinga kuwapo kwa huduma hiyo katika mgomo. Walisema kanisa ni la wote, la mwenye shamba na la kibarua, na kwamba mchungaji anayechukua upande anawanyima Injili walio upande wa pili. Wakulima Wakristo walizuia sadaka zao. Barua za malalamiko zilifika katika ofisi za makanisa, zikidai Hartmire na wenzake waondolewe. Upande wa Hartmire ulijibu kwamba kanisa lilikuwa na upande siku zote bila kulitamka, kwa sababu lilikula kwenye meza ya mmoja na kumpelekea mwingine makombo.

Tusiharakishe kuwahukumu wachungaji wa Delano. Mchungaji anayebatiza, kuozesha na kuzika katika mji mdogo hawezi kuzungumza kama mgeni anayekuja na kuondoka. Mkulima mdogo mwenye ekari chache na deni benki hakuwa adui wa mtu. Lakini pia hatuwezi kuukubali usemi wao kwamba hawakuwa na upande. Sheria ya Musa katika Kumbukumbu la Torati 24:14-15 inamwagiza mwajiri asimdhulumu kibarua, awe ndugu au mgeni, wala asikawie na ujira wake mpaka jua lichwe. Yakobo 5:4 anasema habari za ujira uliozuiliwa ambao wenyewe unapaza kilio. Naye Luther, katika Katekisimo Kubwa, anapoieleza amri ya saba haishii kwa mwizi anayevunja nyumba usiku. Anawahesabu pia wanaoiba kwa heshima, sokoni na katika biashara, ambao hakuna anayethubutu kuwaita wezi. Mchungaji aliyefundisha Katekisimo hiyo hakuweza kudai kwamba jambo la ujira halikuwa lake.

Tarehe 17 Machi 1966 wagomaji walianza kutembea kwa miguu kutoka Delano kwenda Sacramento, makao makuu ya jimbo. Waliiita safari yao hija, toba na mapinduzi, wakabeba sanamu ya Bikira wa Guadalupe mbele, jambo ambalo halikuwapendeza baadhi ya Waprotestanti. Walifika siku ya Pasaka, tarehe 10 Aprili. Walipokuwa bado njiani kampuni ya Schenley ilikubali kukitambua chama. Kukafuata miaka ya kuwaomba watu wa mijini wasinunue zabibu, na katika kazi hiyo sharika na nyumba za watawa ziliwapokea wafanyakazi waliotumwa miji ya mbali bila fedha. Tarehe 29 Julai 1970 wenye mashamba ya zabibu wa Delano walitia saini mikataba. Mwaka 1975 jimbo la California likawapa wafanyakazi wa mashambani, kwa sheria, haki ambayo sheria ya taifa iliwanyima mwaka 1935.

6. Kivuli

Kama historia ingeishia hapo, tungeihubiri kwa furaha. Lakini mwanahistoria hana ruhusa ya kufunga kitabu mahali panapompendeza.

Mwaka 1973 mikataba mingi ilipokwisha, wenye mashamba walisaini na chama kingine, na mapambano yakawa makali. Wafanyakazi wawili waliuawa mwezi Agosti, mmoja wao Nagi Daifallah, kijana wa Yemen. Katika uchungu wa kipindi hicho chama kilianza kuwalaumu wahamiaji wasio na hati, kwa sababu waajiri waliwatumia kuvunja migomo. Mwaka 1974 chama kilitoa majina ya wahamiaji kwa maofisa wa uhamiaji, na katika mpaka wa Arizona watu wake waliweka ulinzi wa kuwazuia wasivuke. Wapo waliopigwa. Watu waliokuwa wageni juzi waliwafungia mlango wageni wa leo.

Wakati huo huo mamlaka ndani ya chama yalizidi kukusanyika mikononi mwa mtu mmoja. Itliong aliondoka mwaka 1971. Mwaka 1977 Chavez alizuru Ufilipino kwa mwaliko wa utawala wa Ferdinand Marcos, na Philip Vera Cruz, mzee wa Kifilipino aliyekuwa makamu wa rais wa chama, akapinga na kujiuzulu. Wafanyakazi wengi wa kujitolea walifukuzwa kwa tuhuma za usaliti.

Huduma ya makanisa, ambayo mwaka 1971 iliundwa upya kuwa ya taifa zima, ilikuwa wapi? Sauti ya kukemea kutoka kwake ilikuwa hafifu mno. Ilikuwa imejifunza kwamba kazi yake ni kuwafuata wafanyakazi wanakotaka kwenda, ikaogopa kwamba neno lolote la lawama lingekuwa silaha kwa waajiri. Hartmire mwenyewe, aliyekuja kuwa mtumishi wa chama, alijikuta nje yake mwishoni mwa miaka ya 1980. Hapa tunaona jambo la kusikitisha. Watu hao walikuwa na ujasiri wa kupoteza sadaka za matajiri, lakini hawakuwa na ujasiri wa kumwambia rafiki yao kwamba amekosea. Nathani alikuwa mtu wa nyumba ya Daudi, naye ndiye aliyetumwa kumwambia mfalme ukweli. Aliye mbali hukemea bila gharama. Aliye karibu ndiye anayesikilizwa.

7. Chumba cha Kuazima: Immokalee

Miaka 18 baada ya sheria ya California, upande wa pili wa nchi, wafanyakazi wachache wa mashamba ya nyanya walianza kukutana jioni katika chumba walichoazimwa na kanisa Katoliki. Ilikuwa mwaka 1993, katika mji wa Immokalee, jimbo la Florida. Walikuwa Wameksiko, Waguatemala na Wahaiti, wengi wakiwa hawana lugha moja. Kutoka hapo ulizaliwa Muungano wa Wafanyakazi wa Immokalee.

Kazi yao ilikuwa hivi. Kabla ya mapambazuko walisimama katika uwanja wa maegesho wakingoja wanyapara wawachague. Waliochaguliwa walichuma nyanya kwa ndoo ya ratili 32, wakailipwa kwa senti arobaini na kitu, na ili kufikia kima cha chini cha mshahara mtu alipaswa kuchuma zaidi ya tani mbili kwa siku. Wengine hawakuwa hata na uhuru wa kuondoka. Kuanzia miaka ya 1990 mahakama za Marekani zimewafunga wanyapara kadhaa wa Florida kwa kosa la utumwa, na Muungano huo ulisaidia kuufichua uovu huo.

Mwaka 1996 kijana wa Kiguatemala alipigwa na mnyapara kwa sababu aliacha kuchuma akaenda kunywa maji. Alifika kwa wenzake na shati lenye damu. Usiku ule mamia ya wafanyakazi waliandamana hadi nyumbani kwa mnyapara, shati likiwa mbele, wakisema kwamba aliyempiga mmoja amewapiga wote. Asubuhi yake gari la mnyapara huyo lilikosa watu. Mwisho wa 1997 wanachama sita walifunga bila kula kwa siku 30, wakiwaomba waajiri wakae nao mezani. Mwaka 2000 walitembea maili 230 kwa miguu hadi Orlando.

Kisha wakafanya ugunduzi uliobadili mambo. Waligundua kwamba bei ya nyanya haiamuliwi na mwenye shamba peke yake. Inaamuliwa na makampuni makubwa ya chakula yanayonunua kwa wingi na kushinikiza bei ishuke. Mwaka 2001 waliwaomba watu wasusie migahawa ya Taco Bell mpaka kampuni ikubali kuongeza senti moja kwa kila ratili ya nyanya, na senti hiyo imfikie mchumaji. Mwaka 2002 Kanisa la Presibiteri la Marekani liliamua kushiriki. Uamuzi huo haukuwa mwepesi, kwa kuwa makao makuu ya kanisa hilo na ya kampuni mama ya Taco Bell yalikuwa katika mji mmoja, Louisville, na watu wa pande hizo mbili walikuwa majirani. Mwezi Machi 2005 kampuni ilikubali. McDonald's ikafuata mwaka 2007 na Burger King mwaka 2008. Mwezi Novemba 2010 chama cha wakulima wa nyanya wa Florida kilitia saini, na kuanzia msimu wa 2011 mpango huo ulienea karibu mashamba yote ya nyanya ya jimbo. Ulileta kivuli cha kupumzikia, maji, mfumo wa kusikiliza malalamiko, na adhabu kwa shamba linalovumilia kupigwa kwa watu au kunajisiwa kwa wanawake.

Tuangalie nafasi ya makanisa katika habari hii. Yalitoa chumba. Yalilaza waandamanaji. Viongozi wake waliandika barua na kuketi na wakuu wa makampuni. Lakini waliotia saini walikuwa wafanyakazi wenyewe, na hakuna mchungaji aliyesema kwa niaba yao walipoweza kusema. Tena hawakuuliza mtu hati zake kabla ya kumkaribisha. Jambo lililowashinda watu wa California mwaka 1974, hapa liliwekwa kuwa msingi.

8. Tunajifunza Nini?

Walutheri hatukuwa mstari wa mbele katika historia hii, na ni vema tukiri. Hata hivyo mambo yamesogea. Mwaka 2004 Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu lilieleza utume wa kanisa kwa mfano wa njia ya Emau, ambako Bwana alitembea na watu, akawauliza wanazungumza nini, akawasikiliza, kisha ndipo akafundisha na kumega mkate. Mwaka 2019 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani lilijitangaza kuwa kanisa la kuwapa hifadhi wahamiaji. Tamko ni mwanzo tu, kama tulivyoona. Kapu nalo lilikuwa mwanzo.

Katika njia ya Emau kuna mambo matatu ambayo historia tuliyoieleza inayathibitisha. Kwanza, Bwana aliuliza kabla ya kutoa, kama Ross alivyouliza katika mkutano wa nyumbani. Pili, alikwenda nao mwendo mzima, naye kanisa linalokwenda na maskini litalipa gharama, kama waliopoteza sadaka mwaka 1965. Tatu, aliwakemea kwa uzito wa mioyo yao, akiwa bado njiani pamoja nao. Huduma ya California iliyapata mawili ya kwanza, ikapungukiwa na la tatu.

Sisi tunaoandika haya tuna deni la kuungama. Tulipokuwa tukihudumu katika usharika mmoja uliopakana na mashamba ya kahawa, kila Krismasi tulipeleka mchele, sukari na sabuni kwa vibarua waliotoka mikoa mingine. Tuliimba nao, tukaomba, tukarudi nyumbani tumeridhika. Mwenye shamba alikuwa mzee wa kanisa, na gari tulilotumia kupeleka zawadi lilikuwa lake. Katika miaka yote ile hatukuwahi kukaa katika kibanda cha kibarua hata jioni moja na kumuuliza analipwa kiasi gani, wala lini. Nao hawakutuambia, kwa sababu walituona tukishuka katika gari lile.

Kwa hiyo, ndugu wachungaji na wanafunzi, kabla hatujaandika mradi mwingine wa diakonia na kuutafutia mfadhili, yatupasa kwanza kwenda na kuketi. Tuanze karibu: kwa mlinzi wa kanisa, kwa binti anayepika nyumbani kwa mchungaji, kwa vijana wanaopakua mizigo katika duka la mweka hazina wetu. Tuwaulize, tunyamaze, na wakishasema tusiharakishe kuwajibu kwa kapu.